Kambale wa Ukurasa wa Thelathini na Nane

12 Januari

Shikamoo Mjomba,

Kabla hujaendelea, kaa chini. Nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari halafu unajibu barua ambayo hukuandikiwa.

Sisi ni wazima. Goti la mama limepungua uvimbe, sasa anatembea mpaka dukani na kurudi, hatua mia nne na kumi, nilizihesabu nikiwa nyuma yake. Anasema akiandika yeye utapata salamu tu, nikiandika mimi utapata salamu na hesabu. Baba watoto bado yuko barabarani na lori lake. Binti yetu mkubwa ameanza chuo. Karakana ya mizani imepanuka, ina milango miwili na mafundi watatu, na wote watatu nimewafundisha mimi.

Sasa jambo lenyewe. Juma lililopita mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa mshipi, yule mwalimu mstaafu mwenye suspenda, zile kanda za suruali za mabegani, alikuja karakana akasema, "Mama Mizani, aliyemrithi mjomba wako kuandika samaki wakubwa amehama. Mizani yetu unaitengeneza wewe kila mwaka. Basi shika na daftari." Nikamwambia nitalishika. Hakujua kwamba tangu nikiwa na miaka kumi na tisa sijagusa fimbo ya kuvulia, na hakuuliza.

Kwa hiyo kazi uliyoifanya miaka thelathini na moja sasa ni yangu. Daftari ni lile lile lenye jalada jeusi. Mwandiko wako ni mzuri, lakini nina malalamiko: kati ya ukurasa wa thelathini na sita na thelathini na nane kuna samaki kumi na sita ambao uzito wao umefutwa na kuandikwa upya kwa penseli. Penseli, Mjomba! Kwenye daftari la rekodi!

Na chini kabisa ya ukurasa wa thelathini na nane yupo wangu. Kambale, urefu sentimita 154, uzito kilo 32 na gramu 100. Halafu mstari mwekundu, na mkono wako: "Hakukubaliwa. Shahidi mmoja."

Nilikuwa nayajua maneno hayo kwa kuambiwa. Kuyaona ni kitu kingine. Shahidi mmoja vipi, na kanuni inataka wawili? Wewe ulikuwepo, na mpishi wa chama alikuwepo na mwiko mkononi, supu ikimwagikia viatu. Hao kwa hesabu yoyote duniani ni wawili. Mpishi amefariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo umebaki wewe peke yako wa kusema.

Tarehe 27 Septemba ni mkutano mkuu, na ule ubao mkubwa wa ukumbini utapakwa rangi na kuandikwa upya, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Kambale wa kwanza bado ni wa daktari wa meno, kilo 31 na gramu 400. Mimi namzidi gramu mia saba. Naomba kitu kimoja: barua yako kwa kamati, mistari mitatu, kwamba mashahidi walikuwa wawili.

Mama anakusalimu.

Mpwa wako.

*

3 Machi

Mpwa wangu Gramu,

Marahaba. Nimekaa.

Barua yako ilikaa posta siku kumi na moja kwa sababu anayetuchukulia barua alikuwa anauguza. Najua ungependa nikupigie simu, lakini sikio la kulia limekwisha na la kushoto linachagua la kusikia, kama baadhi ya waume. Mke wangu ameongeza hilo la mwisho, mimi sijasema.

Huku kwema. Nimelima matuta manne ya mboga, mawili yameliwa na kuku wa jirani. Jirani anasema ni kuku wangu. Mimi sina kuku.

Nimefurahi kupita kiasi kwamba daftari liko kwako. Angalia ule ubao wa kupimia urefu usikae juani, unapinda, na ukipinda unampa kila mtu sentimita ya bure. Machela ya turubai ya kumbebea samaki uilowanishe kwanza, ndipo uipime yenyewe, ndipo utoe uzito wake. Watu wengi huipima ikiwa kavu. Maji nayo ni uzito. Na samaki asizidishe dakika nne nje ya maji, hata kama mwenye samaki anataka picha na mama mkwe.

Kuhusu lile jambo, nimelisoma.

Hivi ile mizani ya zamani niliyokupa, bado unayo?

Msalimie dada yangu, mwambie goti asilipake mafuta ya injini kama alivyofanya mara ile.

Mjomba wako.

*

29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Tuko salama. Mama anasema yalikuwa mafuta ya baiskeli, si ya injini.

Siku hamsini nimesubiri, nikapata kuku wa jirani. "Nimelisoma." Najua umelisoma! Hata kipofu angelisoma!

Acha nikuambie hali yangu, labda hujanielewa. Jumamosi iliyopita walikuja wageni kumi na wawili na fimbo zao za bei mbaya. Mmoja, mfanyabiashara wa vigae, alimleta kambale kwenye machela akipiga kelele, "Rekodi! Rekodi!" Nikalowanisha machela ya pili, nikapima, nikatoa, nikamlaza samaki kwenye ubao, nikazungusha futi ya fundi cherehani tumboni, nikapiga picha, nikamrudisha majini. Dakika tatu na nusu. Kilo 29 kamili. Mwenye vigae akasema mizani yangu imelala. Nikamwambia, "Kaka, mizani imeamka, aliyelala ni samaki wako." Watu wakacheka, naye akacheka, akatia sahihi.

Nikiwa naandika jina lake nikatazama juu, kwenye ubao. Kambale, nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari wa meno, karani wa benki, rubani. Na chini kabisa kwa herufi za dhahabu jina lako, "Mweka rekodi mwaminifu, miaka 31". Mwenyekiti anataka herufi zile zipakwe dhahabu mpya. Mimi nasafisha ubao ule kwa kitambaa kila Ijumaa, na simo.

Ninayo picha, Mjomba. Iko ukutani karakana. Mimi na magoti yenye matope, kambale kwenye machela, na uso wa mizani unaonekana wazi: mshale juu ya 32 na mstari mmoja. Kila mteja mpya nimemwonyesha. Miaka ishirini na tatu nawaambia watu, huyu ndiye mkubwa kuliko wote, walinikatalia kwa sababu nilikuwa msichana wa nyuma ya banda la boti.

Ndiyo, mizani ya zamani ninayo, inaning'inia chini ya picha. Ile uliyonipa juma lile lile na kusema, "Nimeidondosha, imeharibika, ichezee." Nilidhani umenipa takataka ya kunifuta machozi. Nikaifungua kwa bisibisi ya kuazima na kisu cha jikoni. Ndiyo mizani ya kwanza niliyoitengeneza maishani. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenishika mkono.

Sasa nijibu, ndiyo au siyo. Utaandika kwa kamati?

Mpwa wako.

*

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na uniwie radhi. Barua hii nimeianza mara nne. Mke wangu amewashia jiko tatu za kwanza.

Kuna daftari dogo la shule, lenye picha ya twiga kwenye jalada. Uliniletea unionyeshe, siku ulipomaliza kuitengeneza ile mizani. Uliandika humo jinsi ilivyokuwa inasoma kabla hujaifungua, kwa sababu tangu utotoni hukuweza kugusa kitu bila kukiandika kwanza. Ulikwenda ghala la nafaka wakakuazima mawe yao ya kupimia. Nakumbuka kila tarakimu ya ukurasa ule. Wewe nadhani umesahau.

Litafute. Halafu mtazame tena kambale wako.

Sikatai kukuambia. Ila nikikuambia mimi, utanibishia mpaka mwakani. Ukihesabu mwenyewe, utaamini.

Na jambo jingine. Mizani ile sikuidondosha.

Matuta yanaendelea vizuri. Jirani amekubali kuwa kuku ni wake.

Mjomba wako.

*

14 Juni

Mjomba, shikamoo.

Wazima sote. Sina nafasi ya habari nyingine.

Daftari la twiga lilikuwa kwenye sanduku la mama, chini ya vitambaa. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya bluu: "Jiwe la kilo 10, mshale uko katikati ya 10.3 na 10.4. Jiwe la 20, mshale 20.7. Mawili ya 20, mshale 41.4. Springi imelegea."

Niliketi chini karakana, mafundi wakaniuliza kama nimepandwa na presha.

Kila kilo mia, mizani ile ilikuwa inaongeza tatu na nusu. Ikiwa haikuanguka, basi ilikuwa hivyo hivyo siku ya samaki wangu. Gawanya 32.1 kwa 1.035. Inakuja kilo 31 na gramu 14. Mizani yenyewe haioni chini ya gramu mia, kwa hiyo niseme 31 kamili. Daktari wa meno ana 31.4. Nimeangalia tarehe yake: ni miaka minne kabla yangu, mizani ikiwa mpya na ina muhuri. Kwa hiyo hakuna hata siku moja niliyokuwa wa kwanza. Nimepungukiwa gramu mia nne.

Wateja wangapi nimewaonyesha picha ile? Mimi, fundi mizani, nimening'iniza mizani inayodanganya chini ya picha ya mizani inayodanganya, nikajisifu.

Na zile penseli kumi na sita sasa nimezielewa. Nimezipigia hesabu: kila mmoja umempunguza kwa tatu na nusu, sawasawa, hakuna uliyemwonea. Basi kwa nini mimi hukunipunguza? Kwa penseli ile ile ungeniandika 31.0, ningekuwa wa pili. Wa pili, Mjomba, mbele ya karani wa benki mwenye 30.2! Ubaoni kuna nafasi tatu! Badala yake ukaandika uongo kwa wino mwekundu. Kwa nini?

Nimemwuliza mama. Amesema, "Mimi siku zote nilijua hakuangusha kitu. Kaka yangu hajawahi kudondosha hata kijiko." Halafu akaendelea kuchambua mchele wake kama vile hajasema kitu.

Nakuomba jibu lenye urefu wa jibu.

*

2 Agosti

Gramu, mpwa wangu,

Marahaba. Hili hapa jibu.

Miezi mitatu kabla ya samaki wako, wanachama walibishana kuhusu uzito wa injini ya boti. Mmoja anasema hamsini, mwingine anasema themanini. Wakaja kwangu wakicheka. Nami nikacheka, nikaitundika kwenye mizani ya samaki, mizani ya kilo hamsini. Mshale ulizunguka ukapita mwisho. Nilipaswa kuipeleka ikapimwe upya siku ile ile. Nilisema nitaipeleka wiki ijayo. Unajua wiki ijayo ilivyo.

Siku uliyomleta kambale wako, nilipoona 32.1 nilifurahi mpaka nikasahau kumrudisha majini, mpishi ndiye aliyenikumbusha. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi, kabla ya kuandika kwa wino, nikaazima jiwe ghalani ili rekodi yako isije ikatiliwa shaka na mtu. Nilitaka iwe safi. Jiwe la ishirini likasoma 20.7.

Wale kumi na sita hakuna aliyekumbuka uzito wao, niliwasahihisha kwa penseli na hakuna aliyegundua. Wako alikuwa na picha, na mshale ulionekana na kila mtu. Nisingeweza kuandika 31 bila kusema mizani ni mbovu, na kusema mizani ni mbovu ni kusema kuhusu injini. Wangenifukuza siku hiyo hiyo. Kazi ndiyo ilikuwa na nyumba, vile vyumba viwili nyuma ya banda, na ndani yake mlikuwa mnalala wewe na mama yako tangu baba yako alipofariki. Nikatafuta sababu isiyohusu mizani. Shahidi mmoja. Mpishi nilimwomba anyamaze, akanyamaza, na hakunisamehe.

Nyumba ilibaki. Jina lako ndilo lililotolewa.

Mizani nilikupa ili ukweli uwe mikononi mwako. Nilidhani utagundua siku ile ile. Uliifungua, ukaandika, ukaitengeneza, ukaniletea ukurasa ule, nikakutazama usoni nikisubiri. Ukasema tu, "Kumbe ikianguka inalegea hivi." Ungeniuliza, ningesema. Hukuuliza, nikanyamaza. Mwaka wa kwanza niliogopa kupoteza nyumba. Mwaka wa pili niliona aibu. Baada ya hapo yakawa mazoea.

Ndani ya bahasha kuna barua kwa kamati. Kila kitu kimo, injini, penseli, uongo, na sahihi yangu. Kuhusu zile herufi za dhahabu, wafanye watakavyo.

Mjomba wako.

*

28 Septemba

Shikamoo Mjomba wangu,

Nimekaa, na wewe kaa.

Goti la mama linaendelea vizuri, sasa anafika mpaka kwa fundi viatu. Binti yetu amefaulu mitihani ya kwanza. Mboga zako tumezisikia, tunataka kuziona.

Barua yako kwa kamati ilikaa kwenye droo yangu wiki sita. Sikukuambia, ila kuna siku niliitoa nikaishika karibu na jiko. Nilijiambia, mzee wa watu, miaka thelathini na moja, kwa nini afutwe kwa ajili ya gramu? Mama akaniona. Akasema, "Ukiichoma, na wewe utakuwa umeandika shahidi mmoja." Nikairudisha kwenye droo.

Jana nikaisoma mimi mwenyewe ukumbini, mbele ya watu themanini na watatu. Nilipomaliza, rubani akasema jina lako lisiandikwe tena. Karani wa benki, ambaye mimi ningemshusha hadi nafasi ya tatu, akasema uchunguzi ufanyike, labda hata 31 si sahihi. Nikawapa daftari la twiga, likazunguka mkono kwa mkono.

Ndipo akasimama daktari wa meno. Amezeeka, Mjomba, anatembelea fimbo, ila sauti ile ile ya kukwambia fungua mdomo. Akasema: "Hebu nielewesheni, mimi hesabu si kazi yangu. Huyu bwana alijua mizani inazidisha. Mtu mwingine yeyote hakujua. Samaki ni wa mpwa wake, mtoto wa dada yake, analala kwake. Angenyamaza tu na kuandika 32.1, nyumba ingebaki, kazi ingebaki, na mtoto wake angekuwa juu yangu ubaoni mpaka leo. Ni hivyo au nimekosea?"

Mwenyekiti akasema hajakosea.

Akaendelea: "Kwa hiyo nimekaa pale juu miaka ishirini na tatu kwa sababu mjomba wa mshindani wangu alikataa kunidhulumu. Alidanganya kuhusu shahidi, sawa, hilo ni kosa, liandikwe. Lakini kwenye uzito wa samaki hakudanganya. Mkifuta herufi zake, futeni na zangu."

Mjomba, mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Nimehesabu mawe, gramu, siku za posta, hatua za mama. Hiyo sikuihesabu. Tangu Juni nilikuwa naona njia mbili tu, uniandike wa pili au unifute. Ile ya tatu, iliyokuwa rahisi kuliko zote na yenye faida kwa kila mtu nyumbani kwetu, sikuiona kabisa, na wewe kwenye barua yako hata hukuitaja. Nimeisoma tena mara tatu kuhakikisha. Hukuitaja.

Kura zilikuwa sitini na moja kwa kumi na nne, wanane hawakunyoosha. Jina lako linabaki. Neno "mwaminifu" walitaka kulijadili, mwenyekiti akasema supu inapoa.

Bado nina kinyongo kidogo, nisikufiche. Ulipaswa kuniambia nilipoolewa, au ulipohama, au wakati wowote kati ya hapo, na nafasi zilikuwepo nyingi. Lakini jana jioni nilifunga karakana nikafungua daftari la kazi. Mizani 1,312 nimetengeneza tangu ile ya kwanza. Za wauza nafaka, za posta, za zahanati wanazopimia watoto wachanga. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hakuna aliyenishika mkono. Kumbe mizani ya kwanza niliwekewa mkononi, na aliyeniwekea alijua ndani yake kuna kitakachomwangusha yeye. Ahsante, Mjomba. Ahsante kwa vyumba viwili vya nyuma ya banda, ahsante kwa kwenda ghalani asubuhi ile ili rekodi yangu iwe safi. Na ahsante kwa gramu mia nne ambazo hukunipa.

Picha nimeiacha ukutani. Chini yake nimebandika karatasi: "Mizani ilizidisha. Uzito wa kweli, kilo 31." Mteja wa kwanza kuisoma alicheka, kisha akaniachia mizani zake tatu.

Kambale wangu nimemwandika upya, ukurasa mpya, wino mweusi. Kamati imekubali mpishi ahesabiwe shahidi wa kwanza kwa barua yako. Kwenye nafasi ya shahidi wa pili nimeacha wazi. Fomu yake imo humu ndani. Na kalamu imo, maana nakujua, utasema huna.

Wako,
Gramu

*

17 Oktoba

Gramu,

Marahaba, mwanangu. Fomu hiyo hapo, nimetia sahihi, mke wangu akiwa amesimama pembeni kuhakikisha sitetemeki.

Kilo 31 ni sawa. Machela niliipima ikiwa imelowa, usiwe na wasiwasi.

Kalamu uliyotuma haina wino. Nimetumia yangu.

Mjomba wako.